Napita Tu

Mpe Hoda Abdillahi nafasi ndogo tu akuone ukipekua vitabu, atakuambia wewe ni mtu wa namna gani, na mara nyingi hatakosea. Alijisifia jambo hilo bila haya. Duka lake lilikuwa kwenye barabara inayoshuka kuelekea msikitini, mjini Isiolo: chumba kimoja kirefu chenye rafu pande zote mbili, na kompyuta nne zilizopangwa kule mwisho kwa watu wa kuperuzi mtandao. Tangu amalize chuo na kulifungua, alikuwa amewaona wapekuaji wa kila aina. Wapo wanafunzi wanaoanza na kurasa za nyuma kutafuta majibu. Wapo akina mama wanaokipima kitabu kwa mkono, kwamba kikiwa kizito basi mtoto atafaulu. Wapo vijana wanaofungua tovuti kumi kwa mpigo wasisome hata moja. Na alikuwepo Mzee Umuro wa Merti, ambaye kila alipofika mjini aliingia kuuliza habari za mvua, na hakukubali Hoda aandike swali kwenye kompyuta kabla ya salamu.

"Mwambie salaam aleikum kwanza," angesema, ameegemea fimbo yake. "Halafu muulize mifugo yake iko aje. Hapo sasa ndio utauliza mvua."

"Mzee, hii ni mashine. Haina mifugo."

"Ndio maana inadanganya. Kama haina hata mbuzi moja, mvua itajulia wapi?"

Hoda aliandika salamu. Hakuwa mtu wa kushindwa na maneno, lakini alijua pia ni mzee gani wa kumwacha ashinde.

Huyo ndiye Hoda, binti wa miaka ishirini na sita, sauti ya chini, macho yasiyopepesa. Mjini walisema ana kiburi, na yeye alisema ni kujijua. Lakini kulikuwa na mpekuaji mmoja aliyemshinda kabisa kumsoma, na ndiye huyo huyo aliyekuwa akimkondesha.

Jina lake Galgalo, mpwa wa Mzee Umuro, dalali katika soko la mifugo. Alikuja jioni baada ya kazi, akapangusa viatu mlangoni, akaanza na rafu ya kushoto. Alikigusa kitabu kwa vidole viwili, akakitoa, akasoma kidogo, akakirudisha pale pale kilipokuwa, mgongo wake ukiwa sawa na wenzake. Aliipitia kemia, akaipitia dini, akazipitia riwaya, akavuka upande wa pili. Akimaliza alisimama kwa Kinanu, msichana wa Kimeru aliyeuza madaftari na kalamu pale mlangoni, akamtania, akauliza bei ya kalamu ambayo alikwisha kuinunua mara nyingi tu. Kisha alikwenda kukaa mbele ya kompyuta ya mwisho, ile iliyokuwa imeharibika tangu Ramadhani, akachomeka simu yake ipate chaji, akatulia hapo kimya. Ukimuuliza anatafuta nini, jibu lilikuwa moja.

"Napita tu."

Kila Hoda alipomtazama, hakumkuta hata siku moja akimtazama yeye. Hilo ndilo lililomuuma. Hata jioni ile umeme ulipopotea, naye akiwa juu ya ngazi na mikono imejaa vitabu, Galgalo alikuja mbio akamwashia tochi ya simu. Alisimama karibu kiasi kwamba Hoda alisikia harufu ya moshi wa kuni kwenye shuka lake. Alimwangazia mpaka akashuka salama. Na muda wote huo, jamani, mwanamume yule alikuwa akitazama dari.

"Anakuja kwa sababu yako," Hoda alimwambia Kinanu siku ile, akijikaza isisikike kwamba anauliza.

"Kwangu mimi?" Kinanu alicheka. "Jamaa ananunua biro kila saa na hata daftari hana. Hoda, hiyo si mapenzi ya biro."

Hoda hakuamini. Mji mzima ulisema dalali wa Merti anamfuatilia Kinanu, na yeye mwenye macho yake alikuwa ameona ni nani anayechekewa na ni nani asiyetazamwa.

*

Siku ya Jumatano alasiri, Ebla alifika dukani na simu mkononi. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake Hoda, na Hoda alimwita Eeddo kama Wasomali wote wanavyomwita shangazi wa upande wa baba. Nyuma yake aliingia baba mwenyewe, Mzee Abdillahi, mtu mrefu aliyekuwa amesafirisha mifugo kwa malori yake mpaka Nairobi tangu ujana. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu, akawa anatembea na mkono ukutani. Alikaa kwenye kiti chake kando ya kaunta, akaliweka koti mapajani.

Eeddo Ebla hakuwa na subira na vitabu. Yeye aliperuzi wanaume. Kidole chake kilikuwa kikipanda na kushuka kwenye kioo cha simu.

"Huyu yuko Sweden, ana nyumba. Huyu, hapana, ameachana na wawili. Huyu ni mzuri lakini mama yake simtaki." Kidole kikasimama. "Lakini kwa nini tuhangaike, na Abdihakim yuko hapa hapa?"

Abdihakim alikuwa mtoto wa jamaa mwingine wa malori, mtu wa watu, hana baya. Aliwahi kuingia dukani mara moja. Alisimama mlangoni, hakugusa kitu, akazitazama rafu zote kwa mpigo kama mtu anayepima ukuta wa kupaka rangi. "Hizi zote zinauzika kweli?" aliuliza, na Hoda akawa amekwisha kumsoma.

"Eeddo, nilishasema Abdihakim ni ndugu mzuri."

"Basi ndugu mzuri anakuja Ijumaa. Wazee wake wamemwambia baba yako. Baada ya sala."

Hoda alimgeukia baba yake. Mzee Abdillahi alikuwa akilisugua goti lake taratibu.

"Ni kweli, Aabo?"

"Ni kweli. Wameomba kuja, sikuwa na sababu ya kuwakataza." Alizungumza polepole, kama kawaida yake. "Hoda, mimi sikulazimishi. Hiyo unajua. Lakini wazee wakiingia kwangu, wakila, wakisema maneno yao, mimi siwezi kuwarudisha na kikohozi tu, bila sababu. Kama kuna mtu mwingine, aje kabla yao. Aje na mdomo wake na mzee wake. Kuna mtu?"

Hoda alipanga upya vitabu vilivyokuwa juu ya kaunta.

"Labda yuko," akasema mwishowe.

"Labda si jina la mtu," Eeddo Ebla alisema.

Na hapo ndipo viatu vikasikika vikipanguswa mlangoni. Galgalo akaingia, akatoa salamu, akaitikiwa, akaanza na rafu ya kushoto.

Hoda alimtazama akizunguka. Kemia. Dini. Riwaya. Alimtazama kwa hasira iliyochanganyika na mapenzi. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Mtu angeweza kusema neno moja tu, moja, na mambo yote yakawa mengine. Galgalo akafika kwa Kinanu.

"Kalamu hii ni ngapi leo?"

"Ile ile ya jana, Galgalo."

"Si upunguze basi. Mimi ni mteja."

Wakacheka wote wawili. Kisha akaenda kukaa mbele ya ile kompyuta mbovu, akachomeka simu. Hoda alitoka nyuma ya kaunta, akamfuata mpaka pale, akasimama.

"Galgalo, unatafuta nini humu ndani?"

Alishtuka. Akainuka, akazitazama rafu, akaitazama feni, akaitazama sakafu.

"Hakuna kitu. Napita tu."

"Kila siku unapita?"

"Duka liko kwa njia yangu."

"Soko liko upande ule, na unalala upande ule. Hii si njia yako."

Galgalo alifungua mdomo. Hoda aliona kabisa neno limefika kwenye meno yake. Alilingoja kwa roho yake yote. Lakini macho ya Galgalo yalikwenda kwa mzee aliyekaa kwenye kiti, yakaenda kwa Eeddo Ebla na simu yake, na mdomo ukafungwa.

"Pole kama nimesumbua," akasema.

"Kama unapita," Hoda alimwambia, sauti yake imetulia mno, "basi pita mara moja umalize."

Galgalo alichomoa simu yake, akawaaga wazee kwa adabu, akaondoka. Kinanu aliinamisha kichwa kwenye madaftari.

"Ni huyo?" Mzee Abdillahi aliuliza.

Hoda alirudi nyuma ya kaunta.

"Mimi sioni vizuri, lakini nasikia. Huyo ni mtu anazunguka zunguka, anacheka na msichana wa kalamu, halafu anaenda. Mtu wa kupita hajengi nyumba, Hoda. Na nyumba yake iko Merti. Utaenda kuchota maji ya mto Ewaso na hicho cheti chako?"

"Hajaniambia niende mahali, Aabo."

"Ndiyo hiyo nasema," alijibu baba yake, bila ukali. "Kesho tutaenda soko pamoja. Wageni wa Ijumaa wanataka mbuzi, na mimi nahitaji macho yako."

*

Soko la mifugo huamka mapema. Walipofika, vumbi lilikwisha kusimama, na watu wa Merti na Sericho walikuwa wamesimama kando ya wanyama wao. Mzee Abdillahi alimshika Hoda mkono. Hakuona pembe wala rangi, lakini alitembea kwa raha kuliko alivyotembea nyumbani.

"Tafuta beberu. Mweupe kama yuko. Ukimwona, usimtazame."

"Nitamchaguaje bila kumtazama?"

"Umeshamtazama. Mara moja inatosha. Sasa nenda kwa mwingine, mshike mgongo, uliza bei yake, cheka na mwenyewe. Zunguka. Huyo unayemtaka, mpite kama hayuko. Ukisimama mbele yake na macho yako ya njaa, mwenyewe atakutajia bei ya ngamia."

Hoda alicheka kidogo. Alikuwa amelala vibaya, na kicheko kile kilimsaidia. Alimchagua beberu mmoja mweupe, akampita, akaenda kumpapasa mwingine mwenye pembe iliyovunjika. Ndipo akamwona Galgalo.

Alikuwa kule upande wa ngamia, shuka begani. Hoda angeweza kuugeuza uso. Hakuugeuza.

"Umenyamaza," baba yake alisema. "Unaona nini?"

"Dalali mmoja yuko kazini."

"Hebu niambie anafanya nini. Zamani nilikuwa napenda sana kuwaangalia."

"Ameshika kondoo wa mama mmoja. Anamwangalia meno. Sasa anauliza bei, wanacheka. Anataka kondoo."

"Hapana." Mzee Abdillahi alitabasamu, uso wake umeelekea mahali ambapo hakuona kitu. "Dalali mzuri ukiona anashika kitu, hicho hakitaki. Usiniambie ameshika nini. Niambie ni kitu gani hajakitazama."

Hoda alitazama upya. Galgalo alikwenda kwa fahali mwekundu, akampiga kofi la kirafiki. Akaenda kwa mzee mwenye punda, akauliza habari za kule Kinna. Na kila alipozunguka alipita karibu na ngamia jike mmoja mchanga, mweupe, mwenye shingo ndefu ya kujivuna, na kila alipompita aligeuza uso akatazama mbinguni kama mtu anayekagua mawingu.

Hoda alisimama kabisa.

Kemia, dini, riwaya. Kalamu. Kicheko cha Kinanu. Tochi ile iliyomwangazia yeye na macho yaliyotazama dari. Katika duka lile lote, kuanzia rafu ya kushoto mpaka ukuta wa mwisho, kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Galgalo hakuwahi kukitazama.

"Hoda? Hajatazama nini?"

"Ngamia mweupe, Aabo," akasema. "Nisubiri hapa. Shika hii kamba ya uzio."

"Unaenda wapi?"

"Kuharibu biashara ya mtu."

Alikata soko katikati. Watu wakampisha, kwa sababu Hoda akitembea hivyo watu humpisha. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa ngamia mweupe, akaweka mkono shingoni mwake, akamwambia mwenyewe kwa sauti iliyofika mpaka kwenye punda, "Salaam aleikum, mzee. Huyu ngamia wako, kuna kijana anamtaka sana. Yule pale mwenye shuka. Tangu asubuhi hana habari na kitu kingine."

Mwenye ngamia aligeuka, akamtazama Galgalo, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Galgalo alimwacha mzee wa punda katikati ya sentensi akaja.

"Hoda, umefanya nini? Sasa huyu atanitajia bei siwezi."

"Ndiyo. Inauma?"

"Inauma."

"Na mimi iliniuma."

Watu walianza kusogea karibu, maana soko linapenda maneno. Hoda alimpeleka kando, penye uzio, mahali ambapo kila mtu angewaona na hakuna ambaye angewasikia.

"Mimi nafanana na ngamia, Galgalo?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unanizunguka hivyo? Unashika kitabu hujakitaka, unanunua kalamu huandiki, unacheka na Kinanu mpaka mji mzima unakuoza kwake. Mimi unanipita kama siko. Nani alikufundisha kutaka mtu hivyo?"

"Mzee Umuro." Alilisema kwa uchovu, kama mtu anayetua mzigo. "Hoda, mimi najua njia moja tu ya kutaka kitu. Nimekua hapa. Kitu ukikipenda, ficha. Ukionyesha, umekipoteza, kwa sababu utatajiwa bei hauna."

"Na bei yangu nani alikutajia?"

"Watu. Binti wa Abdillahi. Amesoma. Shangazi yake ana wanaume wa Ulaya ndani ya simu. Mimi ni dalali wa Merti. Nilikuwa nazunguka nikitafuta siku nzuri ya kuuliza."

"Umeuliza mji wote isipokuwa mimi."

"Ndiyo."

"Na ile kompyuta?" Hoda aliuliza ghafla. Jambo hilo lilikuwa limemjia wakati ule ule. "Kwa nini ukae mbele ya kompyuta imekufa? Ziko tatu nzima."

Kwa mara ya kwanza Galgalo alitabasamu, tabasamu la mtu aliyekamatwa, akajikuna shingo.

"Zile nzima zinawaka. Hiyo kioo chake ni nyeusi." Alitafuta maneno. "Ukikaa hapo, kaunta yote inaonekana ndani. Nakuona ukifunga vitabu. Nakuona ukibishana na mzee wangu juu ya salamu. Ile siku ulileta fundi kuitengeneza, nilikaa nikiomba ishindikane."

Hoda aliugeuzia uso uzio. Miezi yote ile alidhani hatazamwi, kumbe kulikuwa na macho juu yake kila jioni, yakimwangalia kwenye kioo kilichozimwa. Furaha ilimpanda mpaka akaogopa itamwagika mbele ya wachuuzi wa mbuzi. Alipogeuka, macho yake yalikuwa makavu na yanang'aa.

"Nisikilize. Nakupenda, Galgalo. Nimesema, na kwa sauti. Umeona nimepoteza kitu? Niko hapa hapa."

Galgalo alimtazama. Hakutazama mbingu wala dari. Alimtazama yeye, kwa muda mrefu, kama mtu aliyepewa ruhusa.

"Mimi pia," akasema. "Kutoka siku ya kwanza. Hata hiyo biro ya kwanza bado niko nayo."

"Basi kesho watu wa Abdihakim wanakuja baada ya sala. Baba yangu amesema kama kuna mwingine, aje kabla yao na mzee wake. Duka litakuwa wazi asubuhi. Ukija, Galgalo, usiguse kitabu. Usiulize kalamu. Ukianza na rafu ya kushoto, wallahi, nitakubali nipelekwe kwa malori."

Alimwacha pale, akarudi kwa baba yake. Alimkuta amesimama vile vile, ameshika kamba, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Beberu?" mzee aliuliza.

Hoda alikwenda kwa beberu mweupe, akamwuliza mwenyewe bei waziwazi, akalipa alichoambiwa. Mzee Abdillahi alitikisa kichwa njia nzima mpaka nyumbani kwa biashara mbovu namna ile.

*

Asubuhi ya Ijumaa Hoda alivaa baibui yake nzuri, akafungua duka kama kawaida. Hakutetemeka. Alikuwa amesema alilokuwa nalo, na mtu aliyekwisha kusema hana tena cha kuogopa. Baba yake alikuja akakaa kwenye kiti chake. Eeddo Ebla alikuja kuhakikisha kwamba binti amevaa vizuri, akabaki na simu yake. Nyumbani, beberu mweupe alikuwa jikoni tayari, bila kujua amechinjiwa wageni gani.

Viatu vikasikika mlangoni. Safari hii havikupanguswa.

Galgalo aliingia na vumbi lake, kanzu nyeupe mwilini, na nyuma yake Mzee Umuro na fimbo yake na mfuko wa buni za kahawa za posa chini ya kwapa. Rafu ya kushoto ilikuwa pale. Aliipita. Kemia ilipita, dini ikapita, riwaya zikapita, na mkono wake haukuinuka. Kinanu alimnyooshea kalamu kwa utani, akampita naye. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya kiti cha Mzee Abdillahi akasimama.

Mzee Umuro alitoa salamu. Akauliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, za malori yaliyouzwa na yaliyobaki, za mvua. Mzee Abdillahi alijibu yote, akauliza ya upande wa pili, ngamia, ng'ombe, mto, malisho. Eeddo Ebla alihema mara mbili. Mwisho salamu zikaisha, na mzee wa Merti akaweka buni zake juu ya kaunta.

"Sisi tumekuja kwa neno," akasema. "Lakini kijana amekataa nimsemee."

"Ana mdomo?" Mzee Abdillahi aliuliza. "Mimi nimemsikia hapa akiuliza kalamu tu."

"Ninao, Abba," Galgalo alisema, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Jina langu ni Galgalo, mtoto wa Merti, dalali. Namtaka Hoda. Sitaki kitu kingine katika hili duka, na sikuwahi kutaka. Nilikuwa nazunguka kwa woga. Leo sizunguki."

Eeddo Ebla aliinua uso kutoka kwenye simu.

"Na atakaa wapi?" akauliza. "Merti, kwa mchanga?"

"Hapa, Eeddo. Kazi yake iko hapa, na soko langu liko hapa. Akitaka kwenda Merti kusalimia mama yangu, nitampeleka na kumrudisha. Hili duka silihamishi. Nitaongeza rafu."

"Na nikikataa?" Mzee Abdillahi aliuliza.

"Nitarudi kesho nikuulize tena. Na sitanunua kalamu."

Mzee Umuro alikohoa kuficha kicheko. Hoda hakucheka. Alikuwa akiutazama uso wa baba yake, uso alioujua kuliko kitabu chochote dukani, na leo hakuona kitu. Ulikuwa umefungwa kabisa.

Mzee Abdillahi aliinuka kwenye kiti. Hakumwambia Galgalo neno. Alimpa mgongo, akatembea kwa kupapasa mpaka kwenye rafu ya kushoto, akanyoosha mkono akatoa kitabu cha kwanza kilichoguswa na vidole vyake. Akakifungua. Macho yake hayakuweza kusoma hata jina la kitabu lililoandikwa kwa herufi kubwa, na bado akawa anageuza kurasa, moja baada ya nyingine, kwa utulivu mkubwa. Kisha akauliza, "Hii ni pesa ngapi?"

"Hiyo ni ya kemia, Mzee," Kinanu alisema, amechanganyikiwa. "Ya kidato cha tatu. Nikutafutie ingine?"

"Abdillahi," Eeddo Ebla aliita. "Watu wa Abdihakim watafika baada ya sala. Nitawaambia nini?"

Mzee aligeuza ukurasa mwingine. Alitazama huku na huku, juu kwenye dari, chini sakafuni, kila mahali isipokuwa pale aliposimama kijana wa Merti.

"Mimi sina neno," akasema. "Napita tu."

Eeddo Ebla alibaki mdomo wazi. Lakini Galgalo alikuwa mtoto wa soko, akaelewa kabla ya mtu mwingine yeyote, na Hoda aliona kwamba ameelewa. Eeddo alipoanza kutafuta namba ya mama yake Abdihakim kwenye simu, awaambie wasije, huku akinung'unika, Galgalo aliinua macho akamtazama Hoda mbele ya watu wote, na hakuyaondoa.